Runinga mpya ya HD inatoa picha mbovu kuliko ile ya zamani: nianzie wapi?

Jirani wa Mukono

Wakuu, salaam. Hapa nyumbani runinga ya kichogo ya inchi 21 imetoka, imeingia LED ya inchi 43 iliyoandikwa Full HD. Picha niliyotegemea siyo niliyoipata. Hali ni hii:

Kuna dekoda mbili. Moja ni ya dishi, ya kulipia, na usoni imeandikwa HD. Nyingine ni ya antena, ya chaneli za bure. Zote zinaingia kwenye runinga kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Picha ina ukungu, hasa mpira unapoonyeshwa kwa mbali: namba za mgongoni hazisomeki, na uwanja unakuwa rangi ya kijani tupu. Watu wote wamenenepa. Matokeo yanayoandikwa juu pembeni yamekatwa herufi za mwanzo. Dekoda ya antena ikifika jioni inatoa vipande vya mraba na sauti inakatika. Filamu za kwenye flashi, baadhi ni safi, baadhi hazitazamiki.

Tunakaa mita tatu hivi kutoka kwenye skrini. Fundi wa mtaani anasema ni antena, niweke busta (kikuza mawimbi). Mwenye duka anasema ninunue waya wa HDMI (mmoja unaobeba picha na sauti kidijitali) wa shilingi 150,000, ule wenye vichwa vya dhahabu. Kabla sijatoa pesa, kinaanza kipi?

Busta_256

Fundi wako yuko sawa. HD inataka mawimbi makubwa. Pandisha antena, funga busta, picha itakaa yenyewe.

Fundi Dishi, Arua

Busta, hayo yalikuwa mambo ya analojia. Enzi zile mawimbi yakipungua picha inajaa chenga, yakiongezeka inasafika. Kwenye dijitali hakuna kusafika polepole. Ubora wa mawimbi ukiwa asilimia 60 au 95, picha ni ile ile, nukta kwa nukta. Ukishuka chini ya kiwango ambacho dekoda inaweza kusahihisha makosa, ndipo unaona vipande vya mraba, kuganda, kisha giza. Ukungu hautokani na antena hata siku moja.

Kwa hiyo Jirani ana magonjwa manne, na kila moja lina dawa yake: ukungu, kunenepa, kukatwa pembeni, na vipande vya mraba vya jioni. Hilo la mwisho tu ndilo la antena.

Tuanze na ukungu. Mkosaji wa kwanza ni waya wa njano. Unabeba mwangaza na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, na mwisho wake ni mistari 576 ya mfumo wa PAL. Hata dekoda ikipokea mistari 1080 kutoka dishi, ikipitisha picha kwenye njano lazima iishushe. Piga hesabu: 720 mara 576 ni pikseli 414,720. Skrini yako ina 1920 mara 1080, yaani 2,073,600. Ni mara tano. Maana yake katika kila nukta tano unazoziona, nne runinga imezibuni yenyewe.

Halafu kuna ukubwa. Skrini ya inchi 21 ya kizamani ilikuwa na sentimita 43 kwa 32 hivi. Hii ya inchi 43 ni 95 kwa 53 na nusu. Eneo limeongezeka zaidi ya mara tatu na nusu, na picha ni ile ile. Kasoro zilikuwepo tangu zamani, kioo kidogo kilikuwa kinazificha.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Chomoa runinga na dekoda zote kwenye umeme, usizime kwa rimoti tu. Tundu za HDMI huungua kirahisi waya ukichomekwa huku vifaa vina umeme, hasa kama dishi halina waya wa ardhini.

Chomeka HDMI kutoka dekoda ya dishi kwenda tundu la kwanza, na ya antena kwenda la pili. Toa kabisa zile waya tatu, vinginevyo kuna mtu nyumbani atarudisha runinga kwenye AV (tundu la zile waya tatu) bila kujua na mtaanza kulaumu dekoda.

Washa, chagua HDMI 1 kwa kitufe cha "Source" au "Input".

Sasa sehemu ambayo wengi wanaisahau: ingia kwenye menyu ya DEKODA, siyo ya runinga, tafuta mpangilio wa video, weka 1080i au 1080p (tarakimu ni mistari ya picha; i huchorwa kwa mafungu mawili, p yote kwa mara moja). Dekoda iliyoishi miaka kwenye AV mara nyingi imebaki kwenye 576i, nayo itatuma hiyo hiyo 576i hata ndani ya HDMI. Ukibadilisha na skrini ikawa nyeusi, usishike kitu kwa sekunde 15. Dekoda nyingi zinarudi zenyewe kwenye mpangilio wa awali usipothibitisha.

Waya wa 150,000 uache dukani. Kwa mita moja na nusu au mbili na picha ya 1080, HDMI ya kawaida inatosha. Waya ukiwa mbovu utaona nukta zinazometameta au skrini inazimika na kuwaka. Waya wa digitali hauwezi kuifanya picha iwe na ukungu kidogo, wala dhahabu haiwezi kuifanya iwe kali zaidi. Dhahabu inazuia kutu kwenye kichwa, basi.

Kunenepa: dekoda yako bado inadhani runinga ni ya umbo la 4:3. Kwenye menyu yake badilisha aina ya runinga iwe 16:9. Kisha kwenye runinga weka umbo la picha "Auto" au "Original". Kipindi cha zamani cha 4:3 kikivutwa hadi kijaze skrini kinaongezeka upana kwa theluthi moja, ndiyo maana watu wananenepa. Kiache na mistari myeusi pembeni. Najua familia itasema skrini haijajaa, wavumilie.

Mpima Picha, Jinja

Naongezea pale Fundi alipoishia, kwenye kukatwa pembeni.

Runinga nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimekuza picha kwa asilimia chache ili kuficha kingo. Ni desturi ya enzi za kichogo, wakati kingo za picha zilikuwa chafu. Kwenye HD ina madhara mawili: inakata maandishi ya pembeni, na inaharibu ukali wa picha nzima, kwa sababu picha ya 1920 inavutwa kuwa kama 2000 na kitu halafu inakatwa. Pikseli moja ya dekoda haikai tena juu ya pikseli moja ya skrini. Zima. Kwenye LG inaitwa "Just Scan", kwenye Samsung ni "Screen Fit" au "Fit to Screen" kutegemea mwaka, kwenye Sony ni "Full Pixel". Nyingine zinaandika "Overscan", weka "Off". Mpangilio huu hukumbukwa kwa kila tundu peke yake, kwa hiyo ukishafanya HDMI 1 rudia HDMI 2.

Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya picha:

"Vivid" au "Dynamic" ni ya dukani, chini ya taa kali, ili runinga yako ishinde ya jirani yake kwenye rafu. Sebuleni inachoma ngozi za watu ziwe nyekundu na kuua vivuli. Weka "Movie" au "Cinema", na kama unaiona ya manjano mno, "Standard" na rangi za joto la kati.

"Sharpness" ishushe. Haiongezi undani wowote, inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na kwenye chaneli dhaifu inanoa uchafu pamoja na picha. Kwenye Samsung, namba isiyoongeza kitu ni 0. Sony ni 50, chini ya hapo inaanza kupaka ukungu. Kwa chapa nyingine, fungua maandishi meusi juu ya nyeupe, shusha mpaka ule mwangwi mweupe pembeni mwa herufi upotee, simama hapo.

Kupunguza chenga, "Noise Reduction": kwenye HD zima, kwenye chaneli za SD (za ubora wa kawaida, siyo HD) weka "Low". Ukiweka "High" ndiyo inafuta majani ya uwanja, kwa sababu runinga haijui kutofautisha majani na chenga.

Kulainisha mwendo (Samsung "Auto Motion Plus", LG "TruMotion", Sony "Motionflow"): kwa mpira weka kidogo, kwa filamu zima. Ikizidi, mpira unaacha mkia au unapotea kwa nusu sekunde ukipita mbele ya mashabiki.

Taa ya nyuma usiiache 100 mchana na usiku. Kwa macho ni nyingi, na zile LED za nyuma zinachakaa upesi. Nenda ukaone mafundi wa runinga pale mjini wanabadilisha nini kila siku. Ni hizo hizo.

Umbali wenu wa mita tatu: kwa inchi 43, jicho la kawaida linaona undani wote wa 1080 likiwa kama mita moja na nusu hadi mbili. Kwenye mita tatu faida ya HD inapungua ingawa haipotei. Sogezeni viti kama chumba kinaruhusu. Upande wa pili, chaneli za SD zitaonekana afadhali kutoka mbali.

Busta_256

Sawa nimeelewa hiyo ya digitali. Lakini mbona busta zinauzwa kila kona kama hazisaidii?

Antena Juu

Zinasaidia mahali pake, Busta. Jirani ana shida ya jioni, na hapo ndipo zinapoingia, au zinapoharibu.

Uganda tunatumia DVB-T2 (mfumo wa dijitali wa runinga za antena) kwenye masafa ya UHF, na kwa upande wa Kampala mnara wa Signet, wanaorusha chaneli hizo, uko Kololo. Ukiwa Mukono unaangalia magharibi. Vilima ndivyo vinavyoamua: nyumba mbili zilizoachana mita mia moja, moja juu ya mgongo wa kilima na nyingine bondeni, zina maisha tofauti kabisa. Angalia pia vijiti vya antena za majirani wanaopata picha vimelala au vimesimama, ufanye vivyo hivyo. Antena ikiwa imegeuzwa ubavu inapoteza mawimbi mengi sana hata kama inaelekea mnara sawasawa.

Kwenye dekoda fungua ukurasa wa mawimbi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Watu wanaangalia nguvu kwa sababu ni kubwa. Angalia ubora. Zungusha antena kidogo kidogo, subiri sekunde tano kila mara, maana mstari unachelewa, na funga pale ubora unapokuwa juu, hata kama nguvu imeshuka kidogo.

Kisha kagua waya. Tumia waya wa antena aina ya RG6 wa ohm 75. Mita 30 za RG6 hupoteza desibeli 5 hivi kwenye UHF, ile nyembamba ya bei rahisi inapoteza zaidi na ganda lake hupasuka kwa jua. Kila splita (kigawanya waya) ya njia mbili inakula desibeli tatu na nusu hadi nne. Kama kuna splita inayopeleka chumba ambacho hakina tena runinga, itoe. Fungua konekta: uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa kati, umekwisha. Ukikuta kijani kwenye shaba, maji yameingia. Kata sentimita 20 na utengeneze upya, na nje acha waya ushuke chini kidogo ya tundu la ukuta kabla haujaingia, ili maji yadondoke badala ya kufuata waya ndani.

Mbona jioni? Sababu ninazozikuta ni mbili. Moja, busta au antena yenye busta ndani inakula umeme kutoka kiadapta kidogo, na saa moja hadi saa nne usiku volteji ya mtaa inashuka, kiadapta kinachoka. Pima: chomoa kiadapta mchana uone kama dalili ni zile zile. Pili, busta zile za masafa yote zinakuza pia minara ya simu ya 4G inayotumia MHz 800, na jioni ndipo watu wako kwenye simu. Busta inajaa, nguvu inaandika 100, ubora unaanguka. Hapo dawa ni kutoa busta, au kuweka chujio linalokata juu ya MHz 694.

Ukihitaji busta kweli, ifungwe juu kwenye mlingoti, karibu na antena. Ukiiweka nyuma ya runinga inakuza uchafu uliokwisha kuingia njiani pamoja na picha. Nyumba inayoona Kololo waziwazi haihitaji busta.

Jirani wa Mukono

Asanteni sana wakuu. HDMI nimeweka, dekoda ilikuwa kweli kwenye 576i, sasa iko 1080i. Mpira wa chaneli ya HD umekuwa kitu kingine, na maandishi yamerudi. Ya antena: kulikuwa na splita ya kwenda chumba cha nyuma, imetoka, jioni hii haijakatika.

Swali: chaneli nyingine bado zina ukungu, za ndani hasa, ingawa runinga juu inaandika 1080i. Kama ni 1080, ukungu unatoka wapi tena?

Fundi Dishi, Arua

Runinga inaandika kile dekoda inachotuma, siyo kile kituo kinachorusha. Ukiagiza dekoda itoe 1080i, itaivuta hata picha ya 576 iwe 1080 kabla ya kuituma, na runinga itaandika 1080 kwa uaminifu wote. Kujua ukweli, angalia kama dekoda yako ina mpangilio wa "Native" au "Auto" kwenye video. Ukiuweka, dekoda inapitisha kilivyo, na maandishi ya runinga yatabadilika kila ukihama chaneli: 576i hapa, 1080i pale. Zunguka UBC, NBS, NTV, Bukedde na zote unazotazama, andika orodha, kisha rudisha 1080i ili skrini isiwe inawaka na kuzimika kila ukibadilisha.

Kwenye dekoda za kulipia, chaneli moja ya michezo inaweza kuwa na namba mbili, ya SD na ya HD. Watu wamezoea namba ya zamani vidoleni. Tafuta ile yenye HD kwenye jina, na uhakikishe kifurushi chako kinaifungua.

Halafu kuna jambo ambalo HDMI haiwezi kurekebisha: msongamano. Mkondo mmoja wa DVB-T2 wa upana wa MHz 8 una megabiti zake kwa sekunde, na chaneli zinagawana. Chukua mfano wa megabiti 36 na chaneli 20: haifiki megabiti 2 kwa chaneli. Mtangazaji aliyekaa ataonekana vizuri. Mpira, mvua, watu wanaoruka ukumbini, hapo vipande vinaonekana kwa sababu kila kitu kwenye picha kinabadilika kwa wakati mmoja na megabiti hazitoshi. Huo ni uchafu uliotengenezwa kabla ya mawimbi kuondoka mnarani. Hakuna antena wala runinga ya milioni tano itakayouondoa.

Kwa hiyo 1080 yenye megabiti chache inaweza kuwa mbaya kuliko 576 yenye megabiti za kutosha. Tarakimu ya mistari peke yake haisemi yote.

Kwa upande wa dishi: hapa Uganda setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini, digrii 86 hivi ukiwa Kampala, hivyo miti ya jirani haizuii. Kinachosumbua ni nati kulegea na upepo. Ukiona chaneli za HD zinapotea mvua ikianza na za SD zinabaki, usidhani ni kadi ya dekoda. Chaneli za HD mara nyingi zinarushwa kwa mpangilio unaobeba data nyingi zaidi lakini unaohitaji mawimbi safi zaidi. Dishi lililohama nusu digrii linatosha kwa SD, halitoshi kwa HD. Lipangwe upya kwa kuangalia ubora kwenye chaneli ya HD, siyo kwenye chaneli yoyote iliyo karibu.

Mpima Picha, Jinja

Kuhusu flashi, kwa kuwa hakuna aliyeijibu.

Gawanya ukubwa wa faili kwa muda. Filamu ya dakika 100 iliyobanwa iwe megabaiti 700 ina megabiti 0.9 tu kwa sekunde. Ilikuwa saizi ya kuingia kwenye CD moja, na kwa inchi 21 ilipita. Kwa inchi 43 haipiti. Ya 1080 iliyobanwa vizuri kwa H.264 (njia ya kubana video) inahitaji megabiti 4 au 5 na zaidi, yaani filamu ya saa mbili ni gigabaiti 4 na nusu hivi.

Hapo unagonga ukuta mwingine: flashi iliyopangwa (format) kwa FAT32 haipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Kompyuta itasema faili ni kubwa mno hata kama flashi ni ya gigabaiti 64. Ipange upya iwe NTFS, ambayo runinga nyingi zinasoma. exFAT inasomwa na baadhi tu, angalia kitabu chake. Ukiipanga upya kila kitu kinafutika, hamisha kwanza.

Filamu za ma-VJ (wafasiri wa filamu) zina mateso ya ziada. Picha inachukuliwa ikiwa tayari imebanwa, inawekewa sauti ya mfasiri, inabanwa tena, inagawanywa dukani, na wakati mwingine inabanwa mara ya tatu ili zitoshe nyingi kwenye flashi moja. Kila kubanwa kunatupa undani ambao haurudi. Mwenye duka akisema "hii ni HD", mwambie akuonyeshe ukubwa wa faili. Chini ya gigabaiti moja na nusu kwa filamu nzima, jina la faili hata likisema 1080, usilipie kama HD.

Wa intaneti nao: Netflix wenyewe wanakadiria hadi gigabaiti 3 kwa saa kwa HD. Kama kasi ya intaneti ni ndogo, programu itashusha picha kimya kimya, nawe utalaumu runinga.

Dukani Kikuubo

Nyongeza fupi kwa wanaotaka kununua. Inchi 32 nyingi, hata zikiandikwa HD kwa herufi kubwa, ni 1366 kwa 768. Siyo kosa, ila usilipie bei ya Full HD. Kuna na zisizo na jina zinazobandikwa 4K huku kioo ni hicho hicho. Kuandikwa "inakubali 4K" maana yake inapokea picha ya 4K, haimaanishi kioo ni cha 3840 kwa 2160.

Jaribio: njoo na laptopu na waya wa HDMI, tengeneza picha ya 1920 kwa 1080 yenye mistari myeusi na myeupe ya pikseli moja moja, ionyeshe bila kukuza, overscan ikiwa imezimwa. Kioo cha kweli cha 1080 kinaonyesha mistari safi, unaweza kuihesabu kwa karibu. Kioo cha 768 kinatoa mawimbi mawimbi ya kijivu. Usitumie flashi kwa jaribio hili, runinga nyingi zinapunguza picha za flashi kabla ya kuzionyesha.

Zilizotumika kutoka nje: ya Uingereza iliyoandikwa Freeview HD (huduma ya huko ya chaneli za bure za antena) ina DVB-T2 ndani, itapata chaneli zetu za bure bila dekoda. Ile ya Freeview tupu ni DVB-T ya kwanza, haitapata. Za Marekani na Japani vipokezi vyao ni vya mfumo mwingine, na nyingi zinataka volti 100 au 120. Hapa tundu lina 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka.

Kibanda Tororo

Wakuu, nidandie uzi huu. Nina ukumbi wa mpira, dekoda moja, runinga mbili. Ya inchi 55 iko karibu, ya pili ya inchi 32 iko nyuma, umbali wa waya ni mita 22. Sasa hivi ya nyuma inapata picha kwa waya wa antena kutoka tundu la RF la dekoda, na ni chenga tupu. Nikiweka splita ya HDMI itakuwaje?

Fundi Dishi, Arua

Tundu la RF linatoa analojia, ndiyo chenga zako. Litoe.

Splita ya HDMI inasoma uwezo wa runinga zote mbili, na nyingi zinachagua kile ambacho zote zinakiweza. Inchi 32 yako ikijitambulisha kuwa mwisho wake ni 720, basi 55 nayo itapewa 720. Kabla ya kununua, chomeka ya 32 moja kwa moja kwenye dekoda, ilazimishe 1080i. Ikionyesha picha, na nyingi za 768 zinakubali 1080i na kuishusha zenyewe, basi ilazimishe dekoda ibaki 1080i na usiiache kwenye "Auto". Splita iwe ile yenye kiadapta cha umeme. Zile za waya mbili zisizo na umeme zinawasha runinga moja kwa wakati.

Mita 22 kwa HDMI ya kawaida ni kamari. Hadi mita 10 mara nyingi inakubali kwa 1080, zaidi ya hapo utaanza kuona kumetameta na kuzimika. Nunua jozi ya vifaa vya kurefusha HDMI kwa waya wa mtandao: kimoja kwa splita, kimoja nyuma ya runinga, katikati Cat6 moja. Chukua ya shaba kamili. Ile ya alumini iliyopakwa shaba inasumbua kwa umbali huo, na vifaa vingine vinapitisha umeme humo humo, inapata joto. Usipitishe Cat6 sambamba na waya wa umeme wa feni na taa kwa mita nyingi, ziachanishe kama sentimita 20, na zikikutana zikatize kwa pembe mraba.

Angalia vifaa viwe vinabana picha kidogo au havibani kabisa. Vile vinavyobana picha ipite kwenye mtandao wa kawaida vinachelewa. Ukumbi wa nyuma utasikia wa mbele wakishangilia kabla bao halijaingia kwao.

Kibanda Tororo

Ya 32 imekubali 1080i. Je, kwenye ile jozi, kiadapta kikiwa kimoja kinawekwa upande gani?

Fundi Dishi, Arua

Soma kilivyoandikwa. Kama kimoja kinalisha vyote, mara nyingi kinakaa upande wa dekoda na umeme unapanda Cat6 kwenda nyuma. Vichwa vyote viwili vya Cat6 vibanwe kwa mpangilio mmoja wa rangi za nyuzi, ule wa T568B, huku na huku. Ukigeuza upande mmoja, usichomeke kwanza, rekebisha.